Mwonjaji wa Jalala

Kikofia aliileta chupa akiwa ameikumbatia kifuani, maana ilikuwa ya kigae kizito na ilikuwa imemlia asubuhi nzima. Aliitoa chini kabisa ya shimo, kwenye tabaka la jivu la jikoni, pale udongo unapogeuka mweusi na kuanza kunuka masizi. Akaiweka mezani, akaifuta tope kwa kiwiko, akavua ile kofia yake ya sufu ambayo haikutoka kichwani jua wala mvua, kisha akaivaa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa dua yake. Nyuma yake foleni ya wachimbaji ilikuwa imefika hadi kwenye mizani.

Upande wa pili wa meza, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mama mmoja mwembamba mwenye kitambaa kichwani na kikombe cha maji miguuni. Alifungua kizibo kwa ncha ya kisu. Ndani mlikuwa na mabonge meupe, mengine yakipitisha mwanga kidogo. Akakwangua punje, akaiweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho.

Hakusikia kitu.

Akaisogeza punje ubavuni mwa ulimi, kisha nyuma karibu na koo, ambako uchungu hukaa. Hakuna. Ni kama aliyelamba kioo cha dirisha. Foleni nzima ilikuwa ikiutazama mdomo wake.

"Vipi, Ulimi?" Tajiri, mwenye uwanja, aliita kutoka kwenye mizani. "Au uletewe na chai ya kuteremshia?"

Watu wakacheka. Tajiri akitania, uwanja ule hucheka hata mwenye jino bovu.

Uwanja wenyewe ulikuwa umekaa juu ya takataka. Zamani palikuwa na nyumba kubwa pale juu ya mteremko, nyumba za wakubwa, na kwa miaka mingi watumishi wao walimwaga huku nyuma kila kilichovunjika, kilichoisha au kilichochosha macho. Nyumba zilibomolewa, wenyewe wakahamia mahali pazuri zaidi, takataka zao zikabaki. Tajiri akapata haki ya kuzichimba. Aliipataje, hakuna aliyeuliza. Akazungusha ukuta wa mabati, akaweka geti, akaleta watu wasio na kazi na kuwapa sururu.

Chuma hujulikana kwa sumaku na shaba kwa kukwaruzwa. Lakini jalala la watu wenye mali lina mengi yasiyojulikana. Lina makopo yaliyoliwa na kutu hadi maandishi yakapotea, chupa za dawa za bustani, za kung'arishia vijiko vya fedha, za kuulia panya, za kusafishia picha. Lina vishikio vyeupe vya visu ambavyo huenda ni pembe, huenda ni mfupa, huenda ni uongo mtupu. Vyote hivyo vina wanunuzi, mradi mtu aseme ni nini. Na amri ya Tajiri ilikuwa kwamba kisichotajwa hakipandi mizani. Mchimbaji aliyetoa kitu kisicho na jina alikuwa amechimba bure.

Kwa hiyo palikuwa na ulimi. Mfupa wa zamani hunata kwenye ulimi, jiwe halinati. Pembe ni baridi na haina ladha, pembe ya kuiga ukiilamba inakupa kafuri kwa mbali. Magadi huteleza. Shabu, ile wanayotilia maji machafu yatulie, huvuta mashavu ndani kwa ukakasi mpaka mtu anaonekana anataka kupiga mluzi. Mama huyu aliyajua yote hayo na mengine mengi, akayatema, akasuuza, akataja. Wachimbaji walimwita Ulimi, na kwa kadiri miaka ilivyopita wakasahau kwamba alikuwa na mwili mwingine.

Sasa ulimi huo ulikuwa umekufa. Ulianza kufa tangu mvua zilizopita. Kwanza ulipotea utamu, kisha uchungu, chumvi ikakawia kidogo kisha nayo ikaenda zake. Hakumwambia mtu. Aliendelea kufumba macho mbele ya foleni na kukisia: kwa uzito, kwa rangi, kwa jinsi kitu kinavyosagika menoni, kwa kumwuliza mchimbaji kijanjajanja amekitoa karibu na nini. Mara nyingi alipata. Alipokosa, hakuna aliyejua, kwa kuwa wa kujua alikuwa yeye peke yake.

Akaliuma bonge kwa jino la mbele. Lilivunjika kwa mlio mkavu, ule ule wa shabu. Akayavuta mashavu ndani.

"Shabu," akasema.

Kikofia alishusha pumzi. Chupa ikapanda mizani, na kabla ya jua kupinda alikuja mchuuzi wa maji, yule mwenye tangi kubwa kwenye vyumba vya kupanga ng'ambo ya barabara, akaichukua yote. Maji yake siku zile yalikuwa na tope.

Jioni mama alipika. Binti yake alirudi kutoka kwenye duka la cherehani akiwa na futi ya kitambaa ya kupimia nguo shingoni, akanawa, akatia tonge la kwanza mdomoni, akaganda.

"Mama. Nani amekukosea leo?"

"Kwa nini?"

"Hii ni chumvi yenye chakula kidogo."

Mama akacheka, akachota, akala, akatafuna vizuri kabisa. Binti alimtazama. Alikuwa na macho ya fundi, yanayoona mshono ulipokwenda upande. Akainuka, akachukua kijiko kizima cha chumvi kutoka kwenye kopo, akakileta.

"Lamba."

"Acha mchezo na chakula."

"Lamba, mama."

Alilamba. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Binti aliweka kijiko chini, akakaa, na kwa muda walisikiliza jirani akimkemea mtoto upande wa pili wa bati.

"Tajiri anajua?"

"Akijua tutalala wapi? Chumba hiki ni cha ulimi. Siyo changu, siyo chako, ni cha ulimi. Baba yako alikuwa ulimi, tukalala hapa. Alipofariki nikakaa mimi kwenye ile ndoo kabla arobaini yake haijaisha, tukaendelea kulala hapa."

Hawakupenda kumzungumzia. Alimaliza siku zake na fizi zenye mstari wa bluu kama wa kalamu, tumbo likimkata mpaka anauma mto, viganja vimelegea na kuning'inia kwenye vifundo. Aliyekuwa anajua kutofautisha mfupa wa ng'ombe na wa nguruwe hakuweza kushika kikombe. Tajiri alituma sanda, tena nzuri.

"Nimebakiza kidogo tu kwa fundi," binti alisema. "Ameshaniachia nikate suti peke yangu. Nikipata cherehani, hata ya kukodi, tunaondoka hapa. Jikaze mpaka hapo."

"Najikaza."

"Na usipike. Nitapika mimi. Utaniua kwa chumvi kabla sijawa tajiri."

Wote wawili walicheka. Mama alicheka hadi machozi, na baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kicheko. Alikuwa ameapa, tangu siku aliyokaa kwenye ndoo, kwamba mdomo wa mtoto huyu hautagusa kitu cha jalala. Kwa hilo tu alikuwa tayari kulamba dunia nzima.

Habari zilikuja siku mbili baadaye kupitia geti, kwanza kama uvumi. Vyumba vya ng'ambo ya barabara watu wanatapika. Kisha ikawa hawatapiki tu, wamezimia. Kisha kukasikika kilio kile ambacho hakihitaji kuelezwa. Alikufa mzee mlinzi, na wakafa watoto wawili wa mama muuza mkaa, mmoja asubuhi na mwingine adhuhuri. Mchuuzi wa maji alitoroka na kuacha tangi lake. Ndani ya tangi, chini kabisa, watu waliona mabonge meupe ambayo hayakuyeyuka yote.

Tajiri alimwita mama kwenye kontena alilolifanya ofisi.

"Kaa."

Hakukaa, maana kiti kilikuwa kimoja na Tajiri alikuwa amekikalia. Kikofia alisimama mlangoni. Naye alikuwa ameitwa, kwa kuwa chupa ilikuwa yake. Nje, wachimbaji walijifanya wanapanga mabati karibu na dirisha.

"Afande ametoka hapa sasa hivi," Tajiri alisema kwa upole. Hakuwa mtu wa kupayuka. "Ananiuliza ile shabu ni ya nani. Mimi nilisema ni shabu?"

"Hapana, Tajiri."

"Mizani ilisema?"

"Hapana."

"Nani alisema?"

"Nilisema mimi."

"Haya. Nashukuru hatuvutani." Akavuta droo, akatoa vifurushi vya karatasi. "Fumba macho. Toa ulimi."

Akafumba, akatoa. Kitu kikawekwa. Alijaribu kukisogeza polepole, akainua mkono kukigusa, apate angalau ukubwa wa chembe.

"Mikono nyuma."

Akaiweka nyuma. Pale mlangoni Kikofia alilamba midomo kwa sauti, mara mbili, kama mtoto aliyepewa peremende. Mama alisikia, akaelewa, akafungua kinywa kusema.

"Kikofia," Tajiri alisema, "geukia ukutani. Haya, wewe, ni nini hicho?"

Akili ilimruka. Baada ya kutajwa Kikofia, hakujua tena kama ile ilikuwa ishara ya sukari au mtego.

"Chumvi," alisema.

Dirishani mtu alicheka kidogo, akajizuia. Tajiri akafungua kifurushi kingine. Akaweka kitu cha pili. Hiki kiliteleza, na kuteleza alikuwa bado anakusikia. Moyo ukamrudi.

"Magadi."

Povu lilikuwa limeanza kumtoka pembeni mwa mdomo. Sabuni ya unga. Safari hii walicheka waziwazi, wote waliokuwa dirishani, watu aliowatajia vitu vyao miaka yote hiyo wakapata cha kupika. Povu likamdondokea kifuani, na kwa kuwa mikono ilikuwa nyuma hakuweza kulifuta.

"Suuza. Moja ya mwisho, niwe nimekutendea haki."

Akasuuza. Akafumba macho tena. Kitu kikagusa ulimi, kikakaa kidogo, kikaondoka. Alikitafuta kwa kila alichokuwa nacho. Alihisi ubaridi, au alidhani amehisi. Alimkumbuka Tajiri alivyochukia neno "sijui".

"Ni pembe," alisema. "Kipande cha pembe. Ya zamani."

"Ni kidole changu," Tajiri alisema.

Hapo hakuna aliyecheka. Tajiri alijifuta kidole kwenye suruali, polepole, akakunja vifurushi na kuvirudisha kwenye droo.

"Una binti," alisema.

"Binti anajifunza kushona."

"Baba yake ulimi, mama yake ulimi. Huyo hajifunzi, huyo amezaliwa nao."

"Tajiri, nipeleke mimi kwa Afande. Nimeua watu. Nipeleke, nitakubali kila watakachosema."

"Nikupeleke, mimi nipate nini? Uwanja bila ulimi ni shimo tu la takataka. Halafu sikiliza, mama, maana wewe ni mtu mzima. Afande hataki mtu. Afande anataka kupozwa. Nitampoza mimi. Siku nikichoka kumpoza, atakuja kukuchukua mwenyewe. Na akichelewa, nje ya geti wapo ndugu wa wale watoto. Wamekaa pale tangu asubuhi. Humu ndani hakuna atakayekugusa. Ninyi mnaniona mbaya, lakini mimi ndiye geti lenu."

Mama alitazama nje kupitia upenyo wa mlango, hadi ng'ambo ya geti. Kweli walikuwepo, wanaume wamechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, kimya. Aliwaonea huruma na kuwaogopa kwa pamoja, na hakujua afanye nini na hisia mbili za namna hiyo.

"Basi nitoke," alisema. "Wanifanye wanavyotaka. Mtoto umwache."

"Toka. Lakini chumba utaniachia leo hii. Naye atoke vilevile, kupitia geti hilo hilo. Wale jamaa wanamjua ni mtoto wa nani."

Binti aliletwa mchana ule ule. Mtu wa geti alimwingiza kwa mlango wa nyuma, ambao ufunguo wake hukaa kwa Tajiri, bado ana futi shingoni na nyuzi nyekundu kwenye sketi. Alishasikia yote njiani. Hakumtazama mama yake, alimtazama Tajiri, na akaanza kuuliza maswali kama mteja asiyetaka kupunjwa.

"Mama atabaki humu ndani?"

"Atabaki. Atachimba kama wengine."

"Na Afande?"

"Wa kwangu huyo."

"Na chumba?"

"Ni cha ulimi."

"Basi ulimi upo," binti alisema.

Mama akamzaba kofi la mdomo. Hakuwa amempiga tangu akiwa mdogo. Binti alijishika midomo, na mama alibaki ameinua mkono, hajui aushushe wapi.

"Taratibu," Tajiri alisema. "Usinivunjie."

Akamsogeza binti mlangoni kwenye mwanga, akamshika kidevu, akamwambia atoe ulimi. Akautazama juu, akamwambia auinue, akautazama chini. Wachimbaji nao walitazama. Ulikuwa wa waridi, safi, haujaguswa na kitu.

"Huu una miaka kumi ya kazi," alisema. "Ukitunzwa."

Aliyemfundisha alikuwa mama mwenyewe. Nani mwingine? Walikaa chumbani, kopo la maji katikati, na akamwonyesha kila kitu kwa sukari na jivu. Punje ndogo kuliko ya mchanga. Usimeze mate. Tema, suuza, tema tena. Kinachochoma, tema haraka. Kitamu kisicho sukari, hicho ndicho cha kuogopa zaidi, kwa sababu risasi, yale madini laini, na jamaa zake ni tamu na watu huzirudia. Binti alisikiliza akitikisa kichwa. Aliweza kwa siku chache. Alikuwa mwepesi kweli, na mama alijichukia kwa kuwa ndani kabisa alijisikia fahari.

Siku hizo zilipoisha binti alikaa kwenye ndoo, mama akapewa sururu.

Alikuwa ameshajipangia. Angechimba chuma na vioo tu, vitu vya sumaku na macho, visivyohitaji mdomo wa mtu. Kila alipokutana na kopo au chupa yenye kitu ndani, alilifukia tena na kuhamia pembeni. Ilikwenda hivyo mpaka Tajiri alipogundua kwamba shimo lake halitoi makopo.

"Wewe una mkosi," alimwambia. "Nikuhamishe nikusaidie."

Akamhamishia shimo la nyuma. Zamani pale palikuwa na stoo ya nyumba kubwa kuliko zote, na huko chini hapakuwa na chuma wala vioo vya maana, ila chupa na makopo, tabaka juu ya tabaka. Akamkumbusha, kwa upole wake ule ule, kwamba mchimbaji anayepanda juu mikono mitupu hana kazi, na asiye na kazi hakai uwanjani, na asiyekaa uwanjani hutokea getini.

Basi akatafuta njia nyingine. Kila alichokitoa, alikionja kwanza yeye, mle shimoni, amechuchumaa ili asionekane. Ladha hakuwa nayo, lakini tumbo alikuwa nalo. Alilamba, akameza kabisa, akaendelea kuchimba huku akijisikiliza. Tumbo likitulia hadi mchana, alikipeleka mezani. Likimkata, alikifukia. Mara moja alitapika hadi akaona giza, akaegemea ukuta wa shimo, na akafurahi. Akafurahi kabisa, akakipiga kile kikopo kwa sururu hadi kikawa bapa, akikisema kwa maneno ambayo hakuwahi kuyatumia mbele ya mtoto wake.

Ni Kikofia aliyemwona akimeza. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mwenzake mmoja tu, kwa masikitiko, na huyo akamwambia mtu wa mizani.

Tajiri alikuja mwenyewe, akasimama ukingoni mwa shimo, kivuli chake kikamfunika mama.

"Unakula mali yangu?"

"Naonja tu, Tajiri."

"Ulimi uko mezani. Nimemweka pale kwa kazi hiyo, nampa chumba kwa kazi hiyo. Huku chini ni mikono tu. Unachokitoa kinakwenda mezani saa hiyo hiyo. Nitamweka mtu hapa juu akuangalie."

Akamweka. Kijana wa geti, mwenye rungu na redio ndogo, akakaa ukingoni akisikiliza mpira.

Siku hiyo mama alichimba udongo mtupu kadiri alivyoweza. Alichimba pembeni, alichimba ukuta, alichimba pale alipojua hapana kitu. Saa ya kupima ilipokaribia mikono yake ilikuwa bado mitupu, na alisikia geti likifunguliwa kumpitisha mtu na likifungwa. Akapiga sururu mara moja katikati. Ikagonga bati.

Lilikuwa kopo la mviringo, limefungwa vizuri, zito. Kijana wa rungu alizima redio.

"Lete juu, mama. Bahati hiyo."

Foleni ilikuwa fupi. Alisimama nyuma ya wengine akiwa amelishika kopo kwa mikono miwili, akamwona binti yake kwa mbele, akionja kishikio cha kisu, akitema, akisema "mfupa" kwa sauti ya kikazi. Alikuwa amepungua mashavu. Futi ya kitambaa aliitumia sasa kufungia nywele.

Zamu yake ikafika.

"Lete," binti alisema bila kuinua macho. Kisha akaona ile mikono. "Ah. Mama. Umelitoa wapi?"

"Chini. Kwenye jivu."

"Lina harufu?"

"Sijui, mwanangu. Sijasikia harufu."

"Umelionja?"

Mama akatikisa kichwa kwamba hapana. Kijana wa rungu alikuwa amesimama nyuma yake.

Binti akanyoosha mkono. Mama hakuliachia kopo. Walilishika wote wawili kidogo, huku na huku, mpaka nyuma mtu akaguna, "Jamani, nasi tuna watoto," na Tajiri kutoka kwenye mizani akauliza kama leo kuna sherehe. Binti akavuta kwa upole.

"Achia, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mikono mitupu watakutoa. Achia."

Akaachia.

Kisu kikazungushwa kwenye ukingo, mfuniko ukaruka. Unga wa kijivu. Binti alichota kwa ncha ya kisu, kidogo sana, kidogo kuliko alivyofundishwa, akaweka kwenye ulimi, akafumba macho. Akausogeza ubavuni. Akausogeza nyuma. Mama aliyasikia masikio yake yakipiga kelele. Binti akatema, akasuuza, akatema tena, akasema jina ambalo mama hakulisikia vizuri, na mtu akalichukua kopo na kulipandisha kwenye mizani.

Mshale ulianza kupanda. Ulipanda vizuri, maana kopo lilikuwa limejaa, na mchimbaji hulipwa kwa uzito. Nyuma yake binti alikuwa anakohoa, na akakohoa tena, lakini mama hakugeuka. Alijikuta amekodolea macho ule mshale, anauombea usisimame.